Hesabu Haina Mjomba

Adui wangu wa kwanza alikuwa na pembe saba,
macho ya makaa, na kicheko nilichokinguruma
mpaka jirani akagonga ukuta.
Aliuawa usiku wa pili.
Hoza alirusha dadu, ikalala kwenye ishirini,
na Kibibi akasema, "Basi? Chai ipo?"
Ijumaa iliyofuata niliwauliza jina lake.
Wakatazamana.
"Si yule mwenye pembe," akasema Mhando.

Tunachezea nyuma ya duka langu la misumari,
Barabara ya Kumi na Tisa, Ngamiani,
mlango ukishafungwa.
Ramani nimeichora kwa mkaa
juu ya mfuko wa saruji uliopasuliwa.
Wao wana mashujaa wanne.
Kilichobaki chote ni changu:
milima, mvua, wauza mikate,
na adui.

Wiki mbili sikuandika kitu.
Kisha nikaanza kumng'oa pembe, mojamoja,
kama mtu anayetoa misumari kwenye ubao wa zamani
anaotaka kuutumia tena.
Nikampa miwani iliyofungwa uzi.
Nikampa kalamu mbili, nyekundu juu ya sikio.
Nikampa adabu: mgeni akiingia, anasimama.
Anajua majina ya watoto wa kila nyumba,
na yupi ana pumu.
Nikamwita Bwana Timamu.

Mji anaoutawala uko chini ya usawa wa bahari.
Kila nyumba humpelekea vicheko thelathini kwa mwezi,
ndani ya chupa,
naye huvijenga ukuta, maji yasipite.
Mji mzima uko salama. Mji mzima uko kimya.
Mashujaa walipovunja mlango wake
aliwavutia viti:

*Kwangu mlango ni wazi, wageni wangu ketini,*
*Mimi si jini si mwizi, na damu siitamani,*
*Maji hayana mzazi, yangewala vitandani,*
*Ni thelathini kwa mwezi, pungufu yake, sioni.*

Hoza alikuwa ameshika dadu. Akaiweka mezani.
Mhando akataka kuomba kazi pale.
Wakagombana hadi saa nane na nusu za usiku,
chai ikagandia vikombeni,
na alfajiri Kibibi akanitumia ujumbe:
"Sijalala. Kwani yule mzee ana kosa gani hasa?"

Ijumaa ya nne nikamleta mjane.
Chupa yake ina vicheko ishirini na tisa.
Bwana Timamu akavihesabu mara mbili, polepole,
akamuuliza hali ya mtoto,
akaimwaga chupa yote.
"Samahani, mwanangu.
Hesabu haina mjomba."

Semkiwa si msemaji.
Huja, hucheza, huosha kikombe chake, huondoka.
Akainua uso.
"Bibi yangu alikuwa na neno hilo.
Alikata mkonge huko Muheza. Karani wao
akikuta tita lina majani ishirini na tisa
analifuta lote kwenye daftari,
kwa upole kabisa,
huku anakuuliza habari za nyumbani."
Akanywa kidogo.
"Wewe umelitoa wapi?"

"Nimebuni," nikasema.

Juu ya droo ya pesa kuna picha ya baba.
Sikuigeukia.
Miwani, uzi, sikio, kalamu.
Alikuwa ananibeba begani kwenda kuona treni.
Hakuwahi kunichapa.
Viatu vyangu vya shule vilikuwa vya ngozi,
na mpaka leo sijui
ni tita la nani lililovinunua.

Kesho wanakuja kummaliza.
Hoza amenunua upanga kwa sarafu zake zote za mchezo,
Kibibi bado hajaamua,
Semkiwa ameniambia atawahi.

Kanuni zetu zinasema adui naye aandikiwe uhai,
kwa namba, kabla dadu hazijarushwa.
Nimeandika kwa penseli: ishirini na tisa.
Nikaongeza moja.
Nikaifuta.